Aliyemuua dada yangu barabarani sasa tunavaa jezi moja

Habari zenu wana ukurasa. Admin, naomba usiweke jina langu wala la timu, maana mji wetu ni mdogo na watu wakisoma hapa watanijua haraka. Mimi ni kijana wa miaka 28, sijaoa, nimepanga Tangini hapa Kibaha. Kwetu ni Kisarawe, na mama yangu yuko huko peke yake, baba alishatangulia. Kazi yangu ni mpira, nacheza beki wa kati. Sina fani nyingine, na shule niliiacha kwa ajili ya hii kazi.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, nitamwita Zuhura. Alikuwa anajifunza ushonaji Mlandizi. Asubuhi moja alipanda bodaboda kwenda kwa fundi wake, gari ikahama upande wake ikawafuata. Dereva wa bodaboda alipona, ila anachechemea mpaka leo. Zuhura hakufika hata hospitali. Aliyekuwa anaendesha lile gari ni mchezaji, winga mkali tu, jina lake wakati ule lilikuwa juu. Nitamwita Side. Alikuwa ametoka kusherehekea ushindi na wenzake, amekesha anakunywa, kumekucha akashika usukani. Mahakamani alikiri, akafungwa. Mama hakukosa kusikilizwa kwa kesi hata mara moja.

Miaka ikapita, akatoka. Sikujua yuko wapi na sikutaka kujua. Msimu huu tuko mazoezini, kocha akaingia uwanjani na mtu amekonda, kichwa kimenyolewa. Akasema, "Huyu ni mwenzenu mpya." Nilimtambua kabla hajainua uso. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi.

Baada ya mazoezi nilimfuata kocha, nikamwambia yule ndiye aliyemuua mdogo wangu. Akasema, "Pole sana, kwa kweli sikujua kama ni familia yenu. Lakini huyu ameshatumikia kifungo chake. Mimi siyo hakimu, mimi natafuta mtu wa kupiga krosi." Nikamuuliza kama ningeweza kuachiwa niende timu nyingine. Akasema nina mkataba, dirisha la usajili limefungwa juzi, na nisipofanya mazoezi na wenzangu nitakaa jukwaani mpaka msimu uishe.

Side mwenyewe alinifuata nje ya geti. Akasema, "Kaka, sina neno la kukwambia." Nikamjibu, "Basi usiseme." Akabaki amesimama, mimi nikaondoka.

Nikabaki kwenye timu. Mama sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba huko Kisarawe hafuatilii mpira, msimu utaisha salama na mimi nitahama. Uwanjani sikuwahi kuongea naye. Nikitaka mpira nilikuwa nampigia kelele mtu mwingine.

Sasa mwezi uliopita tulikuwa na mechi ngumu, sare ilikuwa inatuingiza kwenye nafasi za kushuka daraja. Dakika za mwisho tukapata kona. Side akapiga, mimi nikaruka, kichwa, goli. Ndugu zangu, aliyewahi kufunga goli la namna ile atanielewa. Unakuwa hujui uko wapi. Nilikimbia nikamkumbatia mtu wa kwanza aliyenijia, nikamng'ang'ania, tunapiga kelele wote wawili. Nilipofungua macho ni yeye. Analia.

Ile picha ikapigwa. Timu, kwa kuwa kocha alishawaambia kisa chetu, wakaiweka mtandaoni, wakaandika kaka wa marehemu na dereva, eti mpira unaponya. Watu wakajaza mioyo na makofi. "Huu ndio msamaha." "Big up kaka." Hakuna hata mmoja aliyemtaja Zuhura.

Jirani akamwonyesha mama kwenye simu yake.

Nilienda Kisarawe kesho yake. Nilimkuta uani anachambua mchicha. "Shikamoo mama." Nikarudia. Akaendelea na mchicha wake, halafu akasema bila kuniangalia, "Mmoja nilimzika. Wa pili nimemwona kwenye simu ya watu, amemkumbatia aliyemuua mwenzake." Nikaanza kujieleza, goli, furaha, sikujua. Akasema, "Nenda, mwanangu. Wenzako wanakusubiri." Mpaka leo simu zangu hapokei.

Wiki hii viongozi wameniita. Wanataka nikae na Side mbele ya kamera niseme familia imesamehe, kwa sababu mashabiki wa timu nyingine wanamzomea wakimwita muuaji kila tukienda kucheza kwao. Nimekataa. Jana Side akaniambia, "Kaka, ukisema niondoke nitaondoka. Ila ujue timu zote nilizopita walinifungia mlango." Yaani hata hilo amenitwisha mimi.

Nimewaza sana. Fundi magari akitoka gerezani akarudi gereji kwake, mimi sina shida, na yeye ale wapi? Lakini fundi hapigiwi makofi na uwanja mzima. Side akigusa mpira watu wanasimama kumshangilia, na mama yangu anajua wanasimama. Hapo ndipo ninaposhindwa. Halafu namwona mazoezini anavyokaa peke yake, na kuna siku namwonea huruma, nikitoka hapo najichukia.

Nikiacha mpira sina pa kwenda, na Zuhura harudi. Nikiendelea, kila pasi yake inayonifikia ni kama namtukana mama. Shangazi alijaribu kuniombea msamaha kwa mama, akajibiwa, "Mimi sina mtoto anayecheza mpira."

Jumamosi tuna mechi nyumbani na jina langu liko kwenye kikosi, na la Side liko. Msiniambie nimwachie Mungu, nimeshamwachia na bado silali. Nyie mngekuwa mimi, mngefanyaje? Nishaurini, kwa sababu mtu ambaye ningemuuliza ni mama, na mama hataki kusikia sauti yangu.