Mtaa wa Roma Uani Kwetu Utange

Mawe ya kujengea yanayotoka kuchongwa Mwakirunge yana harufu ya chokaa iliyorowa. Mwaka ule rundo lake lilikaa uani kwetu Utange likimsubiri fundi, na harufu ile ikawa ndiyo harufu ya utoto wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa Italia, pembezoni mwa Roma, akimtunza bibi kizee mmoja. Alipoondoka, mdogo wangu Juma alikuwa hajaanza kusema. Sasa alikuwa na miaka minne, akimwita nyanya “mama”, na kumwita mama mwenyewe “Simu”. Nilihofia kwamba siku mama atakaporudi, Juma atamkimbia.

Basi nikaanza kumfundisha. Kila Jumapili mama alipopiga, nilimwuliza anakoishi kukoje, kisha nikaujenga mtaa wake mchangani kwa vipande vya mawe. Hapa nyumba ya ghorofa nne, nguo zimeanikwa madirishani, pale duka la mikate, mbele kanisa, halafu yale matao marefu ya kale, yaliyopitisha maji ya mji zamani za Warumi. Matao niliyafanya kwa vifuu vya nazi vilivyopasuliwa. Mama alikuwa kigae chekundu, na kila siku Juma alimtembeza humo.

Mama akarudi. Juma akajificha nyuma ya nyanya, uso ndani ya leso.

“Wee, nenda kwa mamako! Hakuli!” nyanya akamhimiza.

Hakwenda. Mama hakumlazimisha. Alifuta macho, akauona mtaa mchangani, akachuchumaa.

“Kumbe ni kwangu huku! Lakini duka la mikate liko upande huu,” akasema, akalihamisha jiwe.

Juma akachomoka. “Usiguse! Hapo ni kituo cha basi!”

“Wallahi si hapo, baba. Mimi ndiye nikaaye huko.”

“Basi umesahau.”

“Haya, nionyeshe.”

Juma akamshika kidole, akamtembeza mtaa mzima, akimkaripia kila alipokosea.

Siku hizi baba wa wanangu yuko Ghuba kikazi. Simu inawaonyesha uso wake, neema ambayo sisi hatukuwa nayo. Hata hivyo uso pekee hautoshi; mtoto anahitaji kujua mtu wake anapita wapi. Kwa hiyo nawahimiza waulize. Jana mwanangu mdogo alimwuliza babake nje ya mlango wake kuna mti gani. Babake akavaa viatu, akatoka na simu kwenda kutazama.