Isipokuwa Mmoja

Anayetaka kumjua shemeji yangu lazima apitie kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyempa mke. Ni kweli dada yangu alimchagua mwenyewe, na mimi nilipata habari wakati mambo yameshaiva, lakini aliyetamka "mchukue" kwa sauti ya kusikika nyumba nzima ni mimi. Hilo silisahau, na yeye simruhusu kulisahau.

Ni seremala. Karakana yetu ina mafundi kumi na tisa chini ya bati moja refu. Ukiingia utamkuta kwenye benchi la tatu kushoto, penye dirisha, maranda yamemfika vifundoni kama kuku aliyejitandikia. Mimi niko benchi la nne, natengeneza milango. Milango yangu haina mfano, ila leo sikuja kujisifu.

Watu wanamwita Hapana. Jina hilo nimelitunga mimi, na alilistahili. Mteja akija kutaka kabati la plaiwudi, la kugongelea misumari, liwe tayari Ijumaa, shemeji atasema hapana huku anatabasamu na kumsogezea kiti. "Kabati la namna hiyo mwakani litakuwa kuni. Lakini mwenzangu yule pale atakufanyia, tena vizuri." Na anamwelekeza kweli, bila kinyongo. Kiti chake yeye hakina msumari hata mmoja. Ubao huu una ulimi, ule una tundu, vinaingiana mpaka uzeeni. Mwenye kununua anaketishwa mara tatu: ya kwanza kwa adabu, ya pili kwa kujibwaga, ya tatu kama mtu aliyepokea habari mbaya. Kiti kikilia hata kidogo, hakitoki siku hiyo.

Saa sita na nusu anafunga zana, anakwenda nyumbani kula na mkewe. Wenye magari wamewahi kumkuta getini wakamwambia wana haraka. Anawasalimu, anawauliza hali za watoto, anapita. "Biashara isiyoniachia nafasi ya kula na mke wangu," huwa anasema, "hiyo si biashara, ni kifungo."

Siasa nayo ana njia yake. Kila uchaguzi anapanga foleni asubuhi na mapema, anapiga kura, na hajawahi kumwambia mtu amempigia nani. Dada yangu amejaribu kumpeleleza kwa kila mbinu ninayoijua na nyingine nisizotaka kuzijua. Fulana ya bure hajawahi kuivaa. "Mtu akikupa fulana ya bure, shemeji, ameshakupima kifua. Kesho atakuja kupima shingo." Mimi ninazo saba, za rangi zote. Sibagui mtu.

Usidhani ni mtu wa kununa. Karakana nzima hakuna mcheshi kumzidi, nikijiondoa mimi. Wala hasemi kwamba kila cha kale ni dhahabu. Siku moja nilimtega: "Basi shemeji, tung'oe na umeme humu ndani, turudi kwenye taa za mafuta."

"Taa za mafuta zilimkohoza mama yangu miaka na miaka," akasema. "Mimi sitetei kilichozeeka, natetea kilichofanya kazi. Ukitaka kukiondoa, wewe mleta kipya ndiye utoe sababu. Mbona kila siku naulizwa mimi?"

Nikanyamaza. Siyo kwamba nilishindwa, nilikuwa na misumari mdomoni.

Sasa tuje kwenye chama. Sisi mafundi tuna chama chetu, tunakutana kila mwezi, na katibu ni mimi, kwa kuwa nilisoma mpaka darasa la sita na nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyowaacha wenzangu mbali. Muhtasari mzuri huishia hivi: "Wanachama wote walikubali kwa kauli moja." Ni sentensi tamu, inateleza kama vanishi. Miaka kumi na minne shemeji ameniharibia. Nikiisoma tu, anainua kidole: "Katibu, ongeza hapo: isipokuwa mmoja."

Mwenyekiti wetu ni binti yake, yaani mpwa wangu, fundi wa vanishi, miaka ishirini na tisa, na akili amerithi ujombani. Anapenda mambo yaende. Siku alipogombea, baba yake alinyoosha mkono kumpinga mbele ya watu, akasema si vizuri baba na mwana kujazana kwenye chama kimoja. Binti alipochaguliwa, baba akawa wa kwanza kusimama kila anapozungumza naye kikaoni. "Mheshimiwa Mwenyekiti," anamwita, wakati asubuhi ile ile alimkemea kwa kuacha mlango wazi.

Mwaka jana, uchaguzi ulipokaribia, alitujia mgombea mmoja wa udiwani. Viatu vyake vilikuwa vimeng'arishwa, akawa anapita juu ya maranda kama mtu anayevuka kijito. Akatuahidi mashine kubwa ya kupasua na kuranda mbao, ile ambayo kazi yetu ya siku tatu inaimaliza kwa saa moja. Naye alitaka vitu viwili: picha yake ibandikwe getini, na barua ya kwamba mafundi wa karakana hii, wote, wanamuunga mkono, kila mmoja na sahihi yake. Msaidizi wake alilirudia lile neno "wote" mara tatu.

Sahihi kumi na nane zilipatikana kabla ya saa sita. Ya kwanza ilikuwa yangu, ndefu, yenye mkia. Shemeji aliendelea kuranda.

Mpwa wangu akamfuata benchini. "Baba, ni sahihi tu."

"Kama ni sahihi tu, mbona wameifuata mpaka huku?"

"Tukiwa na mashine tutapata kandarasi ya madawati ya shule. Mia tatu, baba. Hawa wenzako wana watoto."

"Mashine siikatai. Ninayoikataa ni barua. Huyu bwana huenda hata nikampigia kura, simwambii mtu. Lakini humu tuna watu wa kila upande. Leo tukiwa wa huyu, kesho akija mwingine tutakuwa wa nani? Tutabandika picha juu ya picha mpaka geti lishindwe kufunguka."

"Na wenzako wakikosa riziki kwa ajili yako?"

Shemeji akaacha kuranda. Akapuliza unga wa mbao kwenye randa, akaiweka chini. "Hilo linaniuma," akasema. "Linaniuma sana. Lakini jina langu litasema kitu ambacho mimi sikisemi."

Aliyepata dawa ni Fundi Vitanda, jirani yangu wa benchi la tano, mtu wa miraba minne, moyo mzuri, hasira za karibu. "Barua inataka wote," akasema. "Huyu tukimtoa chamani, sisi tutakaobaki ndio wote." Kwa hesabu hiyo hata mimi wa darasa la sita na nusu sikuona kosa.

Mwenye kutolewa chamani anapoteza na benchi. Shemeji alikuwa pale dirishani miaka thelathini na moja, na upande wetu huu hakuna mahali pengine pa kumpokea fundi wa umri wake. Angebaki kukaa barazani kwake, anagongagonga miguu ya viti vya majirani.

Kikao kiliitishwa Jumamosi asubuhi. Fundi Vitanda akasimama, akakohoa, akataka kuanza. Shemeji naye akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, utaratibu. Kifungu cha tisa."

Macho yote kwangu. Katiba ya chama naijua kama kiganja changu, ila siku hiyo miwani ilinisumbua, nikampa mpwa wangu aisome mwenyewe. Akasoma: "Anayetaka mwenzake atolewe, kwanza aieleze hoja ya mwenzake kwa kinywa chake, mpaka mwenzake akiri kwamba ndivyo. Ndipo kura ipigwe." Waanzilishi walikiweka baada ya mafundi wawili kufukuzana na patasi kwa ugomvi ambao baadaye iligundulika walikuwa wanakubaliana. Wengi wetu hatukujua kama kipo.

"Hayo ni mambo ya zamani," Fundi Vitanda akasema.

"Ndiyo sheria yetu," mpwa wangu akamjibu. "Endelea. Hoja yake ni ipi?"

"Anasema hataki maendeleo."

"Sijasema," shemeji akajibu.

"Basi anasema mgombea ni mwizi."

"Wala simjui. Alinisalimia vizuri, ana adabu."

Watu wakaanza kucheka. Fundi Vitanda akajifuta jasho. "Anasema yeye ni bora kuliko sisi."

"Viti vyangu ndivyo bora. Mimi mwenyewe wa kawaida."

Kicheko kikazidi. Fundi Vitanda akaomba maji, akanywa, akakaa, akasimama tena. Alipoanza upya alikuwa anasema polepole, kama mtu anayepima mara mbili kabla ya kukata.

"Haya. Mimi kaka yangu yuko upande ule mwingine. Kila asubuhi anapita hapa tunakunywa chai. Picha ikikaa getini, kaka yangu atakuwa anapita chini yake kila siku kuja kuniona mimi. Huyu anasema humu tuliingia kwa ufundi, hatukuingia kwa kura. Anayempenda mgombea akampigie kampeni kwao, nani kamkataza? Na anasema, mashine ikija kwa kumtoa mtu mmoja, ipo siku kitakuja kitu kingine kwa kumtoa wa pili." Akatazama sakafu. "Na huyo wa pili najua ni nani, kwa huu mdomo wangu."

"Ndivyo," shemeji akasema. "Tena umesema vizuri kuliko mimi."

Ikaja kura. Mshitakiwa hapigi, katibu anahesabu, mwenyekiti anapiga pale tu kura zinapolingana. Wakabaki kumi na sita. Mikono ya kumtoa, minane. Mikono ya kumwacha, minane. Nilihesabu mara tatu, kwa vidole na bila vidole.

Tukamgeukia mpwa wangu. Akavuta pumzi, na baba yake akasimama tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, napinga. Wewe ni binti yangu. Huwezi kuamua kesi ya baba yako."

Nikamvuta shati. "Kaa chini wewe, mtoto anakuokoa."

"Ndiyo maana napinga," akaninong'oneza, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Akiniacha watasema ni damu. Akinitoa watasema amewaogopa. Asipige."

Mmoja akasema mzee ana haki. Mwingine akasema mzee mgonjwa. Mimi nikakohoa, kikohozi kirefu cha kikatibu, maana sikujua la kufanya. Kilipokwisha, Fundi Vitanda akasema, "Katibu, hesabu upya. Mkono wangu umeshuka."

"Umekubaliana naye?" mpwa wangu akamuuliza.

"Thubutu. Mashine naitaka mpaka sasa hivi. Ila nimemsemea vizuri mno, nikimtoa nitajiona nimejitoa mwenyewe."

Saba kwa nane. Shemeji akabaki. Wapo wanaosema kura ile iligeuzwa na kifungu cha tisa. Mimi najua ni kile kikohozi kilichompa mtu nafasi ya kufikiri, na kwenye muhtasari nimeandika hivyo.

Mwenyekiti akaniamuru niiandike barua upya: "Mafundi wa karakana hii wanakuunga mkono, isipokuwa mmoja." Shemeji akaomba niongeze, "ambaye anakusalimu." Msaidizi wa mgombea aliisoma, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna maneno mazuri zaidi, akaondoka nayo. Hakurudi.

Ningependa kukwambia kwamba mashine ile ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Ilipelekwa karakana ya ng'ambo ya barabara kuu, inaunguruma vizuri mpaka leo, mgombea alishinda, na madawati mia tatu waliyatengeneza wao. Shemeji alikwenda kuitazama kwa miguu yake. Akapapasa ubao uliotoka, akafumba jicho moja kuukagua, akasema, "Imenyoosha hii." Fundi Vitanda alikataa kumwazima msumeno wiki tatu. Ya nne akamwazima, meno yameshanolewa.

Lakini lililonishinda kulielewa lilitokea siku nne tu baada ya kikao. Nilikuwa napita karibu na kwao saa ya chakula cha mchana, kwa bahati tu, kama ninavyopita kila siku saa hiyo. Mezani wapo dada yangu, shemeji na mpwa wangu, nami nikaketi.

"Baba," mpwa wangu akasema, "siku ile uliponizuia. Unajua ningepiga vipi?"

"Usiniambie."

"Ningekutoa."

Dada yangu akanitazama mimi, kana kwamba mtoto yule nimemlea peke yangu. Shemeji akaweka kijiko chini.

"Kwa sababu ipi?"

"Watu kumi na wanane, kila mmoja na nyumba yake. Wewe una jina, wateja wako wangekufuata hata barazani. Hasara ile wewe ungeweza kuibeba, wao hawawezi. Ningelia, lakini ningekutoa."

Mabega ya shemeji yakaanza kutikisika, kicheko kikapanda taratibu mpaka akashika ukingo wa meza. "Hiyo ni hoja," akasema. "Mama, umemsikia mwanao? Hoja hasa hiyo. Imekosea, lakini imesimama kwa miguu yote minne."

"Kula wewe," dada yangu akasema. "Mwanao amekufukuza, unachekelea."

"Amenifukuza kwa sababu, siyo kwa kufuata mkumbo. Nimlaumu kwa lipi?" Akasogeza kiti chake karibu na cha binti yake, viwiko mezani. "Haya, tuanze na hao wateja wangu. Nani kakwambia wangenifuata barazani?"

"Nimewauliza."

"Umewauliza? Wangapi?"

Wakaanza. Chakula kikapoa, hakuna aliyekumbuka saa. Mimi nilivuta polepole kipande cha nyama kutoka sahani ya shemeji, kwa kuwa mwenyewe alikuwa kikaoni.