Jino Nililolipiga Msasa

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikawa fundi vigae hapa Milanzi na kuwalea wadogo zangu. Kwa hiyo Anitha alipokwenda kuwekewa jino la kauri, mkaguzi nilikuwa mimi.

Daktari alitupatia jino la mfano tulione, la aina inayopandikizwa kwenye mfupa wa taya. Mzizi wake ulikuwa umepakwa kitu kinachokwaruza.

“Hili halijamaliziwa,” nikasema. “Mdogo wangu hawekewi hivi. Tunaondoka.”

Nikatoa msasa mfukoni, nikausugua mzizi mpaka ukateleza, ili daktari ajifunze kazi.

Anitha, aliyeficha pengo lake kwa kiganja kwa miezi mingi, akashusha mkono. “Kaka, kigae unakibandika kwa upande gani?”

“Unaokwaruza,” nikajibu kwa kujiamini. “Ule laini saruji haishiki.”

Daktari akautazama unga mweupe gotini kwangu. “Na mfupa je, fundi?”