Vitabu Vyote Vilijazana kwenye Herufi U

Asubuhi hii mlango mkubwa wa maktaba bado umefungwa, ila ndani taa moja inawaka, na chini ya taa hiyo Mama Kimya kajiinamia mbele ya kompyuta. Anaandika neno, analitamka kwa sauti, analifuta, analiandika tena.

"Shona," anasema. "Mshono. Cherehani. Na nguo, nisisahau nguo."

Chai yake imepoa zamani, imeota utando juu.

Leo mtahini anarudi. Akiridhika, mama huyu anapata shahada yake ya pili ya ukutubi, ile kazi ya kupanga vitabu na kumfikishia mtu anachokitaka. Asiporidhika, ndiyo basi tena, maana ruhusa ya masomo aliyopewa na mwajiri inaisha mwezi huu na nyingine haipo.

Anatupia jicho saa ya ukutani, anaendelea kuandika.

Hilo jina la Mama Kimya walimpa wasomaji, kwa vile miaka yote pale kaunta kazi yake ni kuweka kidole mdomoni. Lakini muulize mama mkwe wake anayeishi naye, atakwambia mengine.

"Huyu? Huyu redio," anasema bibi huyo, akicheka mpaka anashika mbavu. "Tena redio isiyo na kitufe cha kuzimia."

Sasa tusiende mbali. Maktaba yenyewe ni ya mtaa, na wanaoingia wengi ni watu wa kazi za mikono: fundi huyu, mfugaji yule, mama wa genge. Orodha ya vitabu ilikuwa ya kadi, na kadi mende walishazifanya chakula. Basi Mama Kimya, kwa mradi wake wa kumalizia chuo, akatengeneza orodha mpya ndani ya kompyuta. Hata asiyejua kuchapa asipate taabu: herufi zimepangwa kwenye skrini, unagusa moja kwa kidole, mada zinajitokeza, unagusa mada, unaambiwa rafu. Raha mustarehe.

Ila darasani walikuwa wamefundishwa kwamba mada iandikwe kwa jina rasmi la shughuli, kwa mtindo mmoja, usichanganye changanye. Naye ni mtu wa kushika anachoambiwa. Kitabu cha kufuga kuku akakiweka Ufugaji. Cha kupika, Upishi. Cha kujenga, Ujenzi. Akaendelea hivyo hivyo: Useremala, Uashi, Ususi, Ushonaji.

Umeshaona mambo yanakokwenda? Yeye hakuona. Wanafunzi wenzake waliijaribu hawakuona, na msimamizi wake akamsifia unadhifu. Wote ni wakutubi bwana, kidole chao kilikwenda chenyewe kwenye U.

Mwezi uliopita ndipo akaja mtahini wa nje. Ni mzee mkavu, wanafunzi wanamwita Bwana Pasi. Usidhani ni kwa sababu anawapasisha, hapana. Ni kwa sababu ananyoosha watu.

Mama Kimya alikuwa amejiandaa kumwonyesha kila kitu. Bwana Pasi akavuta kiti, akakaa.

"Wewe usiguse," alimwambia. "Na usiseme. Tungoje msomaji."

Wakangoja. Msimamizi anakohoa kohoa, Mama Kimya kaweka mikono nyuma. Akaingia dada mmoja fundi wa nguo, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Akaelekezwa kwenye kompyuta, akagusa S. Sabuni, samaki, sungura. Akaguna. Akagusa K. Kahawa, kobe, korosho. Akagusa M, akatazama wee, akaacha.

"Hamna kitabu cha kushona," alisema, si kwa hasira, kama mtu aliyezoea kukosa. "Haya, asanteni. Kuna kola imenishinda, nilidhani nitapata msaada."

Kitabu kilikuwa rafuni, nyuma ya bega lake kabisa.

"Kipo?" Bwana Pasi aliuliza dada yule alipotoka.

"Kipo, mzee."

"Sasa aliyekificha nani?"

Hakungoja jibu. Akagusa U kwa kidole chake mwenyewe. Mada zikaanza kushuka, zikashuka, zikashuka, kama bomba limepasuka.

"Lakini mzee, kanuni inasema..." msimamizi alianza.

"Kanuni naijua, nimeifundisha mimi. Umekusanya mji mzima ndani ya chumba kimoja, mama, halafu mlango ukauweka uani. Nitarudi. Na siku hiyo pia hutagusa wewe."

Mama Kimya alichomoa kile kitabu akamkimbilia fundi mpaka barabarani, viatu mkononi. Jioni akamsimulia mama mkwe, machozi yanamlengalenga.

"Kumbe chuo kizima mnasomea kuficha vitu?" bibi alimtania. "Ungeniuliza mimi ninavyoficha sukari. Nyamaza, mwanangu. Kesho ni siku."

Tangu hapo kazi yake pale kaunta ikawa kutega sikio. Hakuna msomaji aliyewahi kumwambia anataka ufugaji. Watu husema, "Mama, nataka kufuga kuku." Basi akaanza kuyaokota maneno hayo, anayatia ndani ya orodha mahali pa yale majina ya U, kila neno analielekeza kwenye rafu yake: fuga, kuku, banda, mayai. Akirudi nyumbani bado anayatafuna midomoni, mpaka mama mkwe akachoka.

"We mama, choo kinavuja, sakafu imekuwa bwawa, na wewe unashinda unatafuta maneno."

Mama Kimya alisimama katikati ya maji yale, akachukua kalamu.

Sasa mlango umefunguliwa. Bwana Pasi amekaa kwenye kiti kile kile, msimamizi pembeni yake. Anaingia baba mmoja, miguu ya suruali imelowa, sura imekunjamana. Anatazama kushoto na kulia, anakwepa kaunta. Si jambo la kumwambia mama wa watu. Anakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, kidole kinaelea juu ya herufi, kinasita, kinashuka.

C.

Mama Kimya anafumba macho. Neno analolitaka baba huyu halijatamkwa pale kaunta hata siku moja. Watu wana haya.

Chaki, chawa, chumvi. Juu ya chumvi, choo, lile neno la mama mkwe. Baba yule anagusa, anasoma rafu, anakwenda, anachomoa kitabu cha mabomba, anakaa nacho. Hakuna aliyemsaidia, na hata salamu hakumpa mtu.

Bwana Pasi anainuka, anajinyoosha kiuno.

"Amepita," anasema.

"Yule baba?" Mama Kimya anauliza.

"Wote wawili."

Mama Kimya anakaa chini. Herufi U, anasema baadaye, sasa imebaki na uyoga, uzi na ubongo, inapumua. Akishamaliza mambo ya chuo anataka kuipeleka orodha hii kwenye maktaba nyingine, aanze kwa kukaa kaunta za huko asikilize watu wanavyosema.

"Lakini kwanza," anasema, akimtupia jicho baba wa suruali mbichi, "akirudisha kile kitabu, foleni inaanza na mimi."