Bunduki Iliyofupishwa

Jirani yangu hapa Maisaka ni fundi baiskeli. Huloweka minyororo yenye kutu kwenye sufuria kuukuu la mafuta ya taa, na upepo ukigeuka, harufu ile huingia moja kwa moja jikoni kwangu. Najua watu ambao wakinusa mafuta ya taa hukumbuka chemli, au jiko la mchina la siku za chuo. Mimi huona miguu ya baba yangu, imekonda ndani ya suruali ya kaki, na mbele ya miguu hiyo chuma kirefu, chekundu kwa kutu, kimelazwa kwenye kipande cha bati alichokikunja kingo kikawa kama josho dogo.

Tulikuwa tunakaa Mutuka, upande ambao mji wa Babati unaishia na mashamba yanaanza. Baba alizaliwa Mbulu, lakini ujana wake aliumalizia Mererani, akichoronga miamba ndani ya mashimo ya tanzanite. Alirudi na redio, koti la ngozi na kikohozi. Redio iliharibika, koti likapauka, kikohozi kikabaki. Nyumbani hatukukipa jina. Tulisema tu "kifua cha baba", kama vile mtu anavyosema paa la nyumba au mlango wa zizi, kitu cha nyumbani ambacho kipo na kitaendelea kuwapo.

Kwa sababu ya kifua hicho, mama ndiye aliyelinda shamba. Nyuma ya mahindi yetu kulikuwa na kilima cha mawe na vichaka, na katika kilima hicho waliishi nyani. Ambaye hajalima karibu na nyani anaweza kudhani natia chumvi, lakini nyani anamjua mwanamume na anamjua mwanamke. Baba akijitokeza tu ukingoni mwa shamba, hata akiwa ameegemea fimbo, walikimbia. Mama alipotoka na debe lake na kulipiga kwa mwiko, walimtazama. Kulikuwa na dume mmoja mkubwa aliyekaa juu ya kichuguu, akamenya hindi taratibu, akala huku akimwangalia mama usoni kama mgeni wa heshima aliyecheleweshewa chai.

Siku moja mama alivaa koti la ngozi la baba, suruali yake na kofia yake, akatoka akitembea kwa kutanua miguu. Mimi na mdogo wangu Sabina tulicheka hadi tukaketi chini. Nyani walikimbia kweli. Kesho yake alivaa tena, na yule dume akashuka kwenye kichuguu, akamsogelea hatua chache, akamwonyesha meno. Mama alirudi nyumbani akivua lile koti njiani. Hakuna aliyecheka.

Ndipo baba alipoinunua bunduki. Alimfuata Mzee Juma, mfanyabiashara wa vipuri pale mjini, aliyekuwa ameirithi kutoka kwa marehemu baba yake na hakuwa na haja nayo. Ilikuwa bunduki ndogo, ile ya risasi nyembamba isiyozidi kidole cha mtoto, ambayo wawindaji wenye magari huidharau. Ilikaa stoo miaka mingi, mchwa wakala kitako chake cha mbao, kutu ikala mtutu. Mzee Juma alimwachia kwa bei ya chuma chakavu, wakaenda pamoja polisi kubadilisha umiliki. Majirani walipoiona walisema baba amenunua fimbo ya kusongea ugali.

Baba aliweka kigoda chini ya ukuta wa mashariki, mahali panapopata jua la asubuhi, akaanza kazi. Aliifungua kipande kwa kipande, akavipanga juu ya gunia. Kila kipande alikilaza kwenye mafuta ya taa, akakisugua kwa msasa laini, akakifuta kwa kitambaa, akakitazama juani, akakirudisha tena. Pini ya kupigia risasi ilikuwa imelika, nayo aliipeleka kwa fundi mwenye leseni kule Arusha, safari iliyomlaza kitandani aliporudi. Lakini mbao alisema ni zake. Alichukua ubao wa mninga uliotoka kwenye fremu ya mlango wa zamani, akauchonga kwa panga, kisha kwa randa, kisha kwa kipande cha chupa iliyovunjika. Unga wa mninga ulirundikana miguuni pake, mwekundu na wenye harufu tamu. Mama alikuwa akipita na maji, anausukuma pembeni kwa mguu.

Alipomaliza kuchonga alichukua msumeno, akakata kitako kipya kikawa kifupi.

Nilikuwa darasa la nne, na hesabu yangu ilikuwa rahisi. Baba ni mrefu, bunduki ni fupi, basi bunduki ni yangu. Mimi ndiye kifungua mimba, na mtoto wa kiume hatukuwa naye. Nilitangaza shuleni. Niliwaambia wenzangu kwamba baba ananitengenezea silaha na kwamba nikiisha kufundishwa, nyani wa Mutuka watahamia Singida. Nikakaa karibu naye kila jioni baada ya shule, nikisubiri aniite. Hakuniita. Alimwita mama.

"Mama Fausta, njoo kidogo. Simama hapa."

Mama alikuja, mikono ina unga. Baba alihakikisha chemba ya risasi ni tupu, akamwonyesha, kisha akamwekea bunduki begani na kupima kwa utepe wa cherehani, kutoka bega hadi kidole. Aliandika kwa mkaa ukutani. Siku nyingine alipima shingo yake, jinsi inavyoinama mpaka shavu liguse mbao, akamwambia afumbe jicho hili, kisha lile. Alikata soli ya kandambili kuukuu akaigandisha nyuma ya kitako ili mfupa wa bega usiumie. Kwenye nundu ya kulengea, mbele kabisa, aliweka tone la rangi nyeupe, kwa sababu macho ya mama yalikuwa yanachoka jua likishuka. Mwisho alipaka mbao mafuta ya alizeti na nta ya nyuki, akaisugua kwa kiganja mpaka ikawa na mng'ao wa ngozi ya ndama.

Mimi nilinuna. Nilimuuliza, "Baba, mimi utanifundisha lini?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamshika hadi mama akaja kumshikilia mgongo. Alipopata pumzi akaniambia, "Wewe soma, Fausta. Hii si ya kwako." Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira. Nilidhani amenidharau.

Kisha walianza kuhangaikia kibali cha mama. Cha baba kilikuwepo, lakini sheria ilitaka kila mtu awe na chake. Niliwasindikiza mbele ya kamati ya ulinzi ya kata, nikakaa nje ya dirisha lililokuwa wazi. Kulikuwa na wanaume kwenye benchi na wote walitaka kujua jambo moja.

"Mzee, wewe upo," mwenyekiti alisema. "Mama atashikaje bunduki na wewe upo?"

Baba alisimama. Kifua chake kilipiga filimbi hadi nikaisikia pale dirishani. "Mwenyekiti," alisema, "nitazame."

Mle ndani mtu mmoja akakohoa kwa aibu, wakaanza kumuuliza mama maswali ya kawaida: anaitwa nani, amezaliwa wapi, bunduki itafungiwa wapi. Mimi, pale dirishani, nilifurahi kwamba baba amewashinda. Sikujiuliza walikuwa wamemtazama wakaona nini.

Baba alifariki mahindi yakiwa yamefika kiunoni, asubuhi, akiwa amekaa kitandani kwa sababu kulala alikuwa hawezi tena. Kibali cha mama kilikuwa bado hakijatoka. Siku iliyofuata mazishi, mama aliizungushia bunduki khanga, akamchukua mwenyekiti wa kijiji, wakaipeleka kituo cha polisi kama sheria inavyotaka. Nilimwona akirudi mikono mitupu na nikadhani mambo ya bunduki yamekwisha.

Baba mdogo Daniel alikuja kabla matanga hayajaanuliwa vizuri. Alikaa kwenye kigoda cha baba. "Shemeji," alisema, "shamba lisilo na mwanaume ni ghala la nyani. Niachie nililime. Wewe chukua watoto urudi kwenu Mbulu, kila msimu nitawatumia gunia."

"Nitalima mwenyewe," mama alijibu.

"Na utalinda kwa nini? Kwa debe?"

Msimu ule ulionyesha kwamba baba mdogo alisema kweli. Nyani walishuka kila siku. Tulipiga madebe, tukawasha moshi wa pilipili, mimi nikakosa shule nikirusha mawe hadi bega likavimba. Walipomaliza mahindi wakafukua viazi. Tulivuna mabaki ya kujaza beseni moja na mama akayafanya yote uji, uji mwepesi unaoonyesha chini ya kikombe. Ndipo akampeleka Sabina kwa bibi, Mbulu, kwa sababu kule kulikuwa na maziwa. Sabina alikuwa na miaka mitano. Alishika mlango wa nyumba kwa mikono miwili, na mama akambandua vidole kimoja kimoja, bila kumkemea. Aliporudi kwetu alikuwa msichana mkubwa mwenye lafudhi ya bibi, ananiamkia shikamoo kama anavyomwamkia mwalimu. Mpaka leo tunapendana kwa adabu.

Kibali kilitoka msimu uliofuata, mahindi yakianza kubeba. Nilikwenda na mama kituoni. Askari aliitoa bunduki stoo, akaiweka begani kwake kwa mzaha, na kidevu chake kikagonga chuma. "Mama, hii mliikata mkaiharibu," alisema. "Haimkai mtu."

"Naomba, afande," mama alisema. Aliipokea, akafungua komeo, akatazama chemba kama alivyofundishwa, kisha akaipandisha begani. Ilikaa. Shavu lake lilishuka likakutana na mbao bila kutafuta. Askari alimtazama, akamsukumia daftari asaini.

Mama alimpiga yule dume siku ile ile, kabla ya jua kuchwa. Alikuwa juu ya kichuguu kama kawaida, na kwa uvivu ule ule alimwangalia mama akija. Mlio haukuwa mkubwa, kama ubao mkavu unaovunjika. Dume alikaa akijishika kifua kwa mkono mmoja, akautazama ule mkono. Alichukua muda kufa. Alivuta pumzi kwa sauti, na sauti ile mimi na mama tuliijua. Mama aliteremsha bunduki, akaganda. Nilimwambia, "Mama, mmalizie," lakini hakunisikia, au alisikia. Wenzake walimzunguka wakapiga kelele, kisha wakapanda kilimani mmoja mmoja. Jioni ile mama hakula. Baada ya hapo nyani walimwogopa kuliko walivyowahi kumwogopa baba, na baba mdogo Daniel alipopita njiani alitusalimu kwa mbali, wala habari ya shamba hakuileta tena. Shamba hilo ndilo lililonisomesha.

Miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya mama shujaa na nyani wajinga. Watu hucheka kwenye sehemu ya koti. Nilipokuwa mtu mzima, nikauguza mgonjwa wa kwangu, ndipo nilipoanza kuiona jioni ile ya utepe wa cherehani jinsi ilivyokuwa. Mume alikuwa anampima mkewe ujane, kutoka bega hadi kidole, na mke alisimama wima, mikono ina unga, apimwe vizuri.

Mwaka jana nilimtembelea mama Mutuka. Tulikuwa tunapukuchua maharage. Nilimuuliza kama wakati ule alijua.

"Nilijua tangu alipokata mbao," alisema. "Baba yako mikono yake ilikuwa mirefu."

"Mbona hukumwambia aache? Si ilikukera?"

Alipepeta maharage, akapuliza maganda. "Ilinikera sana. Siku nyingine nilitaka kuichukua niitupe ziwani." Akaweka ungo chini. "Lakini akiwa anaisugua alikuwa hakohoi, Fausta. Hukuona? Asubuhi nzima, hakohoi. Nikaona nisimharakishe."