Mawifi Wawili Selinunte

Eliakunda na wifi yake Goretti hawakupendana hata siku moja, na sioni haja ya kuanza kwa kupaka mafuta. Miaka ishirini na miwili waliishi eneo moja la Minnesota, Marekani, Eliakunda Brooklyn Center na Goretti Frogtown, dakika ishirini tu kwa gari, na katika miaka yote hiyo safari ambazo Goretti aliingia nyumbani kwa kaka yake zinahesabika kwa vidole. Kila alipoingia alipitisha kidole juu ya televisheni kutafuta vumbi, na asipolipata alinuna.

Chanzo kilikuwa Machame, Kilimanjaro. Eliakunda alizaliwa huko, akalelewa katika usharika wa Kilutheri, akasomea uuguzi, kisha akafanya kosa la kuolewa Kibosho, kwa Wakatoliki, na kijana pekee wa kiume wa nyumba ile. Mtanzania gani asiyeujua ule utani kuhusu wanawake wa Machame, kwamba wanawatanguliza waume zao kaburini ili wabaki na nyumba? Watu huucheka harusini. Eliakunda naye aliucheka miaka mingi, akiwa na mume wake mzima pembeni.

Kisha mume akafa. Erick alikuwa dereva wa basi la shule. Jumanne moja ya Januari alirudisha basi yadi, akazima injini, akabaki vilevile kwenye usukani. Daktari alisema ni moyo. Goretti hakusema moyo. Alisimama katika ukumbi wa kanisa, mbele ya masufuria ya pilau na waombolezaji waliotoka mpaka Rochester, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, maana kazi yake ni ukalimani hospitalini: "Kaka yangu hakuugua hata mafua. Na mnajua alikooa."

Watu waliangalia sahani zao. Eliakunda alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika nyumba ya wazee kule Maple Grove. Alikuwa amewafumba macho marehemu wasiopungua mia, akawaliwaza na watoto wao, lakini siku ile aliinamia sahani kama wao. Tangu hapo utani ukakoma kuwa utani. Akiingia kanisani, wanawake wanapunguza sauti.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: alimzika Erick Brooklyn Center. Mchaga huzikwa kihambani, kwenye migomba ya baba yake, hata kama alifia mwisho wa dunia. Eliakunda alikataa mwili kusafirishwa. Alisema Erick mwenyewe ndiye aliyetaka alale hapa, na alipoulizwa kwa nini, alifunga mdomo. Siku ya mazishi theluji ilifika magotini. Goretti hakushuka garini. Alikaa ndani, hita inawaka, akamtazama kupitia kioo kaka yake akishushwa katika ardhi ya wageni, na tangu siku ile hakukanyaga pale.

Badala yake akaanza vita vya fomu. Ili kaburi lifukuliwe na mwili upelekwe Kibosho, mjane lazima atie saini. Goretti alituma fomu kwa posta. Akaituma kwa mchungaji. Ya tatu akampa Timothy, kijana wa Eliakunda aliye chuoni, naye akaiweka juu ya meza ya jikoni.

"Mom, just tell her no," alisema Timothy. "Or tell her why."

"Hayakuhusu," alijibu mama yake, akaichana vipande vinne.

Sasa hii safari ya Selinunte, kule Sisili, Italia, ilikuwa ndoto ya marehemu. Alipokuwa mvulana katika seminari ndogo, padre mmoja mzee wa Kisisili alikuwa na picha ukutani: hekalu la Wagiriki wa kale limesimama karibu na bahari, na kulizunguka, nguzo tele zimelala chini. Mji mzima wa mahekalu, padre aliwaambia, uliovunjwa na maadui na kumaliziwa na matetemeko. Upadre ulimshinda Erick, lakini picha ile haikumtoka. Alihifadhi nafasi mbili, yake na ya mkewe, kwa mwezi wa Mei. Alipokufa, Eliakunda aliazimia kwenda peke yake.

"Kiti cha kaka yangu hakitakaliwa na mkoba," Goretti alisema kwenye simu. "Nakuja."

Ukimuuliza Eliakunda kwa nini alikubali, atakwambia alichoka kubishana. Mimi nasema alitaka kuona kama mwanamke yule angeweza kusimama mahali Erick alipotamani kusimama, akanyamaza walau dakika tano.

Hakuweza. Walipewa chumba kimoja, vitanda viwili. Goretti alisali rozari kwa sauti, na baada ya kila fumbo alimwombea "kaka yangu aliyetupwa ugenini." Eliakunda alijifunika mto kichwani. Asubuhi, ndani ya basi lililojaa wastaafu wa Minnesota, mama mmoja mwenye kofia ya majani aliwauliza kwa upole kama wao ni ndugu. "Hapana," walijibu wote wawili, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana safari nzima.

Selinunte ilikuwa na jua kali, mijusi, na mawe. Mahekalu yenyewe hayajulikani yalikuwa ya miungu gani kwa hakika, kwa hiyo wataalamu wameyapa herufi tu, kama vyumba vya darasa. Hekalu E limesimama. Hekalu G limelala lundo zima, na kipande kimoja tu cha nguzo yake kilikuwa kipana kama chumba cha jiko cha Eliakunda. Aligusa jiwe, lilikuwa la moto. Akamtafuta Erick pembeni, kwa mazoea, amwambie, na alipokumbuka, hasira zikampanda hata kwa Erick.

Mwongoza watalii alieleza kwamba hata E lilikuwa chini. Liliinuliwa upya zamani kidogo, na mpaka leo kuna wanaosema lingeachwa lilale lilivyoangukia.

"Wifi, umesikia?" Goretti alisema. "Mawe ya wapagani yananyanyuliwa. Kaka yangu ndiye hanyanyuliwi."

Eliakunda aliondoka akapanda ngazi za hekalu peke yake. Goretti akamfuata akitweta. Wengine walikuwa wamebaki chini wakipiga picha. Kivulini mwa nguzo, Goretti alifungua kitabu chake cha sala, akatoa jani la isale lililofungwa fundo.

Huo si mchezo. Uchagani, anayeletewa jani la isale anaombwa msamaha, na kulikataa ni kujitafutia laana, hata kama aliyelileta amekuulia ng'ombe, hata mtoto. Goretti anao mmea wake kwenye chungu, dirishani kule Frogtown. Wamarekani wanauuza kama pambo la ofisi. Sasa mwanamke huyu wa miaka sitini na moja alipiga magoti juu ya jiwe la Wagiriki.

"Wifi, nilikusema vibaya msibani," alisema. "Nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nisamehe."

Eliakunda alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi minne. Aliyangoja akiendesha gari, akigawa dawa, akiimba kwaya katikati ya wanawake waliompa mgongo. Alilipokea jani kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, akasema, "Nimekusamehe." Na alisamehe kweli.

Kumbe alikuwa amekosea. Nyumbani isale huja na mtu wa tatu, mtu mzima wa heshima, na kabla jani halijashikwa huyo huuliza linakuja kwa jambo lipi na linaishia wapi. Hapa walikuwa wawili na mijusi. Eliakunda alipokea kwanza. Goretti akasimama, akapangusa magoti, na kutoka kitabu kilekile cha sala akachomoa karatasi iliyokunjwa.

"Sasa tumekuwa kitu kimoja," alisema. "Isale umepokea. Ni ku-sign tu hapa chini, wifi. Peni ninayo."

Eliakunda aliiona fomu, akaliona jani mkononi mwake.

"Umetoka na isale Frogtown uje unitegee nalo?"

"Sijakutega. Nimekuomba amani, umekubali. Amani gani wakati ndugu yangu analala kwenye barafu?"

"Nikikataa?"

"Basi umerudisha isale." Goretti hakupepesa jicho. "Nitapiga simu Kibosho leo hii hii. Nitawaambia, Mmachame kapokea isale, kisha kalirudisha. Walioyatilia shaka maneno yangu ya msibani watayaamini."

Hapo Eliakunda alielewa amebanwa vipi. Akitia saini, Erick atafukuliwa. Akikataa, ataishi na kuzeeka akiwa yule mwanamke aliyemuua mumewe.

"Uliomba msamaha, nimekupa," alisema polepole. "Huo sikunyang'anyi. Kaburi hukuliomba. Na kabla hujapiga simu, nikuulize. Unajua nani amelala kushoto kwa kaka yako?"

"Nitamjuaje? Mzungu gani sijui."

"Mwanangu."

"Yule wa mwaka elfu mbili na saba?"

"Yule aliyeishi siku mbili. Ulimwambia kaka yako kwenye simu, mtoto wa siku mbili haliliwi, anzeni mwingine."

"Nyumbani ndivyo inavyosemwa, Eliakunda. Hata kwenu."

"Hata kwetu. Lakini Erick alimlilia. Alimzika kwa mikono yake akasema, mimi sitamwacha huyu peke yake kwenye baridi hii, nikifa mniweke hapa. Akaniapiza wewe usiambiwe. Nimekitunza kiapo hicho miaka yote, umenitukana nikiwa nacho kooni, na leo nimekivunja kwa sababu yako. Haya, mfukue. Lakini ujue unamtoa kwa nani."

Goretti alishusha karatasi. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo.

"Alikuwa na jina?"

"Limeandikwa. Nenda kasome."

Hawakuzungumza tena, siku tatu nzima, wala ndani ya ndege. Goretti alisali kimya. Kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis, Eliakunda alitegemea mwenzake atapanda treni kwenda kwake, lakini Goretti alimfuata mpaka maegesho, akatupia begi lake kwenye buti bila kuombwa.

"Nipeleke," alisema.

Eliakunda aliendesha bila kumtazama. Makaburini nyasi zilikuwa zimekatwa, na theluji ya Januari ilikuwa imesahaulika. Alimwonyesha kwa kidole, akabaki kwenye usukani, injini inanguruma. Kushuka asingeshuka. Yeye alikuwa ameshuka kila Februari, mwezi aliokufa mtoto, miaka yote hiyo, akiwa na Erick, Goretti akiwa umbali wa dakika ishirini.

Kupitia kioo alimwona wifi yake anapita jiwe la Erick, anasimama, anatafuta chini. Lile jiwe dogo limelazwa sawa na ardhi. Theluji ya mazishi ilikuwa imelifunika lote. Goretti aliinama. Alipangusa kwa kiganja, na udongo ulipogoma akachukua fomu kutoka kwenye kitabu cha sala, akaikunja, akapangusia herufi moja baada ya nyingine.

Eliakunda alijua anachokisoma. Hospitalini, mtoto alipoanza kubadilika rangi na padre hajafika, Erick alichukua maji kwenye kikombe cha plastiki akambatiza mwenyewe, na jina alilompa hakumuuliza mkewe. Eliakunda alilichukia jina lile siku ileile. Jiwe limeandikwa Goretti Erick, na tarehe mbili zinazofuatana.

Mwanamke yule alikaa chini kwenye nyasi na koti lake zuri la safari. Alikaa muda mrefu. Aliporudi hakuingia garini. Alisimama dirishani upande wa dereva, mikono imejaa udongo, karatasi imekuwa tambara.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza. "Mtoto amepewa jina langu, kwa nini kaka hakuniambia?"

Eliakunda aliteremsha kioo.

"Alikupigia simu akuambie," alisema. "Ulikata kabla hajafika kwenye jina."