Kofia ya Chuma na Kiti cha Kukamulia

Kwetu, kwenye vilima vya juu ya Kingi, mwanaume anakamua ng'ombe akiwa amechutama, chombo cha mbao kati ya magoti, kichwa karibu na ubavu wa ng'ombe. Njia ingine hakuna. Ukikamua umesimama, utachekwa mpaka sokoni.

Mimi nyonga yangu ya kuume ilianza kunikatala ningali kijana, watoto wangu hata masomo hawajaanza. Hospitali ya Goma wakapiga picha ya mufupa, wakasema ni artroze, mufupa unalika pale kwenye kiungo. Nilikasirika sana. Ugonjwa wa wazee, na mimi niko na meno yote!

Tangu siku ile, kwa miaka kadhaa, Papa, baba yangu, akakamua peke yake, na hakuacha kunichokoza. "Kijana, shuka basi, ng'ombe anakungojea!" Nilikuwa nacheka naye, lakini moyo uliniuma. Mufugaji asiyekamua ng'ombe wake mwenyewe iko mutu gani? Nilitaka nikamue tena, basi. Ndiyo neno nilimwambia daktari wa mifupa aliyekuja Goma kupasua watu.

Daktari alikunja ngumi akaiingiza ndani ya kiganja cha mukono wa pili. "Nyonga iko hivi," akasema. Akaeleza kuna njia mbili. Ya kwanza, kukata kichwa chote cha mufupa na kuweka kingine. Hiyo wanaizoea sana. Ya pili, kukwangua kichwa kidogo tu na kukivalisha kofia ya chuma, na ndani ya shimo lake kuweka kikombe cha chuma. Hiyo inaacha mufupa mwingi, na kwa kijana ni vizuri, maana siku ingine kofia ikichoka, mufupa wa kushikilia nyonga mupya utakuwepo. Lakini si kila mutu inamufaa, na chuma kikisuguana na chuma kinaweza kuleta shida, kwa hiyo itabidi nirudi kupimwa kila mara.

Papa, aliyenisindikiza, akaruka juu. "Umuvalishe kofia, Daktari! Kichwa cha mutoto wangu kisikatwe!"

Weee! Tulicheka mpaka infirmière, muuguzi wa pale, akafungua mulango kuangalia. Daktari mwenyewe alipangusa machozi. Alitazama picha tena, akasema mufupa wangu ungali na nguvu, kofia itanifaa. "Lakini kuchutama mpaka chini, hiyo sikuahidi. Kamua umekaa kwa kiti."

Kiti! Lakini nikakubali.

Nilipasuliwa, nikatembea na mabekii, zile fimbo za kwapani, nikarudi nyumbani na kupona pole pole. Fundi wa mbao akanichongea kiti kifupi cha miguu tatu. Asubuhi nilipoingia nacho kwenye zizi, ng'ombe aligeuka akakitazama, akasogea pembeni. Papa akashika kiuno kwa kucheka.

"Mutazame mukubwa, amefika bureau! Tumuletee na meza ya ofisi?"

Mama akamukemea kutoka mulangoni: "Wewe muzee, hujafa hujaumbika!"

Nikamuachilia ndama anyonye kwanza, nikamuondoa, nikakaa. Maziwa yakaanza kulia ndani ya chombo, povu likapanda. Ee Mungu wangu, nililia kama mutoto, na sikuona haya. Nyonga ilinyamaza kabisa. Toka siku ile nikawa ninakamua mimi, na majirani walicheka mpaka wakachoka.

Kisha, asubuhi moja, nilichelewa kwa sababu ya kuongea na mununuzi wa jibini aliyetoka Kashebere. Nilipokaribia zizi nikasikia maziwa yanalia. Nikachungulia. Papa alikuwa anakamua, amekaa juu ya kiti changu, miguu ameinyoosha, anaimba wimbo wa kanisa.

"Aa, Papa! Na wewe umefika bureau?"

Nilifikiri atasimama. Hakusimama. Aliendelea kukamua, macho kwa chombo.

"Magoti yananiuma tangu mbele ya wewe kugonjwa," akasema.

Miaka ile yote alichutama asubuhi na jioni, mahali pangu, akinichokoza. "Papa, mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angekamua? Wewe?" Akacheka, akanipa chombo kimejaa, kingali na moto. "Sasa nenda kwa fundi, akuchongee kingine. Hiki iko yangu."